Jicho lililobaki la Chokaa

Ni saa sita mchana mjini Mpanda. Tangi la maji la stesheni halina hata kivuli cha kumtosha kuku, na Eufrazia anafagia banda lisilo na farasi.

Alilifagia asubuhi. Sasa analifagia tena. Anatoka na ufagio mkononi, anasimama penye njia ya ng'ombe, anaweka kiganja juu ya macho na kutazama upande wa Sitalike. Vumbi la Oktoba linainuka, lakini ni la upepo tu. Anarudi. Anamwaga maji ya kwenye karai, ambayo hakuna aliyeyagusa, na kutia mengine.

"Kaa basi, mama Natalia," anaambiwa na mwanamume aliyeketi juu ya gogo mlangoni pa banda. "Umenichosha mimi niliyekaa."

"Nikikaa ndiyo watachelewa," anajibu, na hakai.

Mwanamume huyo ni Apolinari, bwana mifugo. Amekuja na mkoba wake wa dawa kuwachoma sindano ng'ombe wanaotegemewa kufika leo kutoka Majimoto, kabla hawajapakiwa kwenye mabehewa. Lakini kuna kazi nyingine iliyomleta, na kila mtu wa hapa anaijua. Amekuja kuangalia jicho la kulia la farasi anayeitwa Chokaa.

Jicho la kushoto halipo. Bwana mifugo mwenyewe ndiye aliyelitoa mwaka jana, farasi amelazwa chini na kufungwa kamba, wanaume saba wamemkalia. Ukope ulikuwa umeota nyama kama njugu, njugu ikawa kama yai. Sasa kama nyama ya namna hiyo imeanza kuota kwenye jicho lililobaki, hakuna wa kulitoa. Bunduki iko ofisini kwa msimamizi.

Ndiyo maana Eufrazia hakai.

Kituo hiki kiko nyuma ya stesheni, mahali ambapo miti ya miombo ilikatwa zamani kwa ajili ya kuni na haikupandwa mingine. Ng'ombe wanaonunuliwa kwa wafugaji wa Mpimbwe huswagwa kwa miguu kupitia Kibaoni na Sitalike, safari ya zaidi ya wiki kwenye mbuga na pori la ndorobo. Hapa hupumzishwa, hunyweshwa, halafu huondoka na treni kwenda Tabora.

Farasi waliletwa kuwasaidia waswagaji. Walikuwa wawili. Mmoja ndorobo walimmaliza kabla hajatimiza masika mawili, licha ya sindano zote alizochomwa. Akabaki Chokaa, farasi dume aliyehasiwa, mwekundu wa udongo mwili mzima isipokuwa uso. Uso ni mweupe tangu kwenye paji hadi puani, kama aliyechungulia ndani ya pipa la chokaa akateleza. Chini ya manyoya hayo meupe ngozi ni ya rangi ya waridi, laini, na jua la Mpanda haliihurumii.

"Farasi mweusi ana kivuli chake usoni," anaeleza Eufrazia. "Huyu hana. Huyu Mungu alimuumba akasahau kumpa kofia."

Eufrazia ana umri wa miaka thelathini na minane. Ni Mfipa, mzaliwa wa nyanda za juu ambako baba yake alikuwa akitunza farasi wa mapadri. Alikua akinusa harufu ya matandiko. Alikuja Mpanda kuolewa, mume akafariki, akabaki na binti yake Natalia. Kwenye kituo aliajiriwa kuteka maji. Siku farasi waliposhushwa kwenye behewa, wanaume waliokuwa wakisifiana ushujaa walipanda juu ya ua. Yeye aliweka ndoo chini, akaenda kushika hatamu.

"Msimamizi akaniuliza, wewe mama huogopi? Nikamwambia naogopa ndoo."

Tangu siku hiyo hajarudi kwenye ndoo. Mshahara wa mtunza farasi hauna maajabu, unaishia kwenye unga, sabuni na ada za mtoto. Ila ni kazi anayoijua, na anasema wazi kinachomnyima usingizi. "Chokaa akienda, mimi narudi kisimani. Lakini hata ningepewa kazi ya ofisini, bado ningemlilia. Ananijua kwa miguu. Nikija anageuza lile jicho lake moja kama mtu anayegeuza taa."

Kumkinga farasi na jua ukiwa kituoni si shida kubwa, ila hutakiwi kuchoka. Asubuhi Chokaa hufungwa upande wa magharibi wa banda. Jua likipanda, anahamishiwa chini ya mwembe mdogo wa jirani, kwa ruhusa ya jirani. Mwembe ukizidiwa, anapelekwa nyuma ya tangi. Eufrazia hufuatana na kivuli mchana kutwa na kamba mkononi, ndiyo sababu wafanyakazi wa reli humwita "Saa". Wakitaka kujua kama muda wa kula umefika, wanaangalia farasi yuko wapi.

Halafu kuna masizi. Hukwangua sufuria, hupepeta, huchanganya na mafuta ya nyonyo, na kwa kidole kimoja humpaka Chokaa kuzunguka jicho, polepole, bila kugusa ndani. Weusi ule humeza mng'aro wa jua. Hiyo alifundishwa na baba yake. Mawese hayataki kabisa. Aliyakuta siku moja yamepakwa usoni kwa farasi na mswagaji mmoja, mtu mwema tu, aliyetaka kumsaidia jinsi mama yake alivyokuwa akiwasaidia wadogo zake wakichubuka. Ngozi ilikaangika.

"Nilimwosha kwa sabuni ya kipande huku namtukana yule bwana mpaka sauti ikakauka," anasema. "Na yeye ananijibu, lakini mama, mtoto kwetu hupona!"

Shida kubwa ni safari. Kati ya Majimoto na Kibaoni kuna mbuga ambayo mtu akitaka kivuli inabidi aombe kwa ng'ombe. Baada ya jicho la kwanza kutolewa, bwana mifugo alimwambia Eufrazia maneno ambayo bado anayakumbuka, na ambayo Apolinari mwenyewe, akiwa juu ya gogo, anayarudia bila kuombwa.

"Nilimwambia, mimi nina kisu na nina sindano. Kivuli sina. Kivuli kitafute wewe."

Akakitafuta. Alipata kipande cha chandarua cheupe chakavu, akakikunja mara mbili ili jua lichujwe na farasi aendelee kuona, akakishona kwenye ukanda wa hatamu unaopita kwenye paji. Kikaning'inia kuanzia masikioni hadi juu ya pua, kimefungwa chini ya taya kwa kitambaa laini. Alikiita kinga. Alimwonyesha mpandaji jinsi ya kuifunga, jinsi ya kuangalia kama inasugua ukope, na jinsi ya kuikung'uta jioni.

Mpandaji ni Methusela, Msukuma, kijana mwenye mabega ya kubeba mlango. Familia yake ilihamia Mpimbwe na ng'ombe kutoka kaskazini. Ndiye peke yake katika waswagaji wote anayeweza kumpanda Chokaa akamaliza siku bila kudondoka.

Farasi akaenda na kinga. Akarudi na kinga. Na uso ulikuwa umebabuka.

Eufrazia hakuelewa. Alidhani chandarua ni chepesi mno, akakikunja mara tatu. Safari ya pili Chokaa akarudi na hali mbaya zaidi. Ukope wa kulia umevimba, machozi yamechimba mfereji hadi kwenye pua, na pembeni mwa jicho kuna kidonda kibichi chenye ukingo mgumu. Apolinari alikigusa kwa kidole, akakigusa tena.

Usiku ule Eufrazia hakulala. Asubuhi akaichukua kinga kwenda kuifua, akasimama nayo penye karai. Akainusa. Akaipitisha juani. Ilikuwa nyeupe.

Nguo inayotoka Majimoto hadi Mpanda, kiangazi, nyuma ya ng'ombe mia na ushee, haiwezi kuwa nyeupe.

Alimkuta Methusela anapiga mswaki nyuma ya jiko la waswagaji.

"Mtani," akamwambia, kwa kuwa Wafipa na Wasukuma ni watani na mlango huo huwa wazi. "Hiki kitambaa kilikuja na ndege?"

"Kitambaa gani?"

"Hiki. Wewe umerudi una vumbi mpaka kwenye meno. Farasi ana vumbi mpaka kwenye kwato. Kitambaa kimerudi kimetakata kuliko nilivyokifua. Kimepitia njia gani, uniambie na mimi nikapite?"

Methusela alitema povu, akaangalia kando, akasema ukweli.

Safari ya kwanza, anasimulia, aliingia Majimoto siku ya mnada. Chokaa ana kitambaa cheupe usoni, na chini yake wanja wa masizi umekolea. Mwanamke mmoja muuza mchele akapiga kigelegele. Wa pili akaitikia. Kufumba na kufumbua njia imefungwa na wanawake, wamenyoosha mikono, wanacheza.

Kwa wengi wa huku, bibi harusi huletwa akiwa amefunikwa, na hafunuliwi uso mpaka upande wa mume utoe zawadi. Wanawake wa Majimoto hawakuona farasi aliyekingwa na jua. Waliona harusi.

"Toa kifunua uso, bwana harusi! Hupiti!"

"Jamani, huyu ni farasi."

"Tumemwona! Mzuri! Ana miguu! Toa tumwone na macho!"

"Tena ni dume!" akapiga kelele Enoka, mswagaji mwenzake, aliyekuwa akicheka mpaka amekaa chini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Methusela aliwapa sukari guru aliyokuwa amemnunulia mama yake. Ndipo wakampisha. Tangu siku hiyo, kila kijiji anachopita watoto humkimbilia wakiuliza harusi ni lini. Kwa hiyo, akitoka Mpanda, akishapita kona ya kwanza asikoonekana na Eufrazia, alikuwa anaivua kinga, anaikunja vizuri na kuitia ndani ya mfuko wa tandiko. Akikaribia Mpanda, anamvalisha tena.

"Nilicheka," anakiri Eufrazia. "Nilicheka nikashika ukuta. Halafu nikakumbuka kile kidonda, nikatamani kumpiga na ile kinga ikiwa na maji."

Alikwenda kwa Severini, msimamizi wa kituo, akataka Methusela aadhibiwe. Severini ni mtu wa maneno machache.

"Nikimfukuza, atapanda nani? Wewe?"

"Nitapanda."

"Na ng'ombe utaswaga wewe, na simba wa Katavi utawaamkia wewe. Mama Natalia, nenda kamalizane naye."

Akaenda kumalizana naye kwa sindano. Aliishona kinga moja kwa moja kwenye hatamu kwa uzi wa kushonea viatu, mshono juu ya mshono, ili isivuliwe bila hatamu yenyewe kuvuliwa. Methusela akaikata kwa kisu kabla hajafika Sitalike. Safari hiyo hakujisumbua hata kuirudisha mahali pake. Alimkabidhi Eufrazia mkononi, na nyuzi zake.

"Nisamehe, mtani," akasema. "Ningeweza kupigana na simba. Na wale wanawake siwezi."

Kidonda kikapanuka. Bwana mifugo akasema safari ijayo ndiyo ya mwisho kuangalia. Pakiota nyama, basi.

Siku zile, majirani wanasema, Eufrazia alikuwa kama mtu aliyemeza kaa la moto. Anaanza kula, anaacha. Anafika kanisani, anasimama mlangoni, anaondoka kabla ya komunyo kwenda kuona kama kivuli kimehama. Natalia alimwambia, "Mama, wewe ndiye unayetakiwa kufungwa kamba."

Jumapili moja alimsikia Enoka akisema waswagaji wanakwenda Kasokola, kuna ngoma ya mavuno iliyocheleweshwa. Akawafuata. Hakuenda kucheza. Alikwenda, anasema, kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani.

Methusela alikuwa katikati ya uwanja. Miguuni njuga, mkononi usinga. Kichwani alikuwa amejifunga ukanda wa shanga, na kutoka kwenye ukanda huo singa za mkia wa ng'ombe zilishuka mbele ya uso hadi kwenye pua. Macho yake hayakuonekana. Akitikisa kichwa, singa zinafunguka na kufunga, zinafunguka na kufunga. Wanawake walewale, au wanaofanana nao, walikuwa wakipiga vigelegele. Na hakuna aliyecheka.

Eufrazia alisimama hapo mpaka ngoma ikapumzika. Kisha akapenya kwenye uwanja, akamshika mcheza ngoma mkono mbele ya watu wote.

"Mtani, hizi nywele usoni, unaona njia?"

"Naona vizuri. Jua tu ndilo silioni."

"Kesho uje bandani," akamwambia. "Uje na hicho kilichoko kichwani."

Walikaa siku mbili mlangoni pa banda, yeye na Methusela, farasi akiwatazama. Eufrazia alikipika chandarua pamoja na maganda ya mti na tope jeusi la mtoni mpaka kikawa na rangi ya kahawia iliyoiva. Hicho kikawa ndani, ndicho chenye kazi ya kuchuja jua. Juu yake walipanga singa za mikia, safu kwa safu, na juu kabisa, kwenye paji, ukanda wa shanga nyekundu na nyeupe.

Mwanzoni Methusela alikuwa wa kushika uzi. Kufika jioni alikuwa akitoa amri.

"Hapana, mtani, fupi mno. Akitembea lazima zicheze."

"Zikicheza zinafukuza na ndorobo," Eufrazia akasema.

"Mimi sisemi ndorobo. Nasema zicheze."

Alifungua shanga zake mwenyewe, za kwenye ngoma, akazishona kwa mkono wake. Walipomvalisha Chokaa, farasi alitikisa kichwa mara moja, singa zikafunguka na kufunga. Enoka, aliyekuja kwa nia ya kucheka, alizunguka farasi mara mbili, akauliza kama wanaweza kumtengenezea na yeye.

Waliondoka kwenda Majimoto. Na leo ndiyo siku ya kurudi.

Saa nane kasoro, vumbi linainuka tena upande wa Sitalike, na safari hii haliendi na upepo. Eufrazia ameangusha ufagio. Kengele za ng'ombe zinasikika kabla ng'ombe hawajaonekana, kisha miluzi, kisha pembe za kwanza zinatokeza. Severini ametoka ofisini. Apolinari ameinuka kwenye gogo.

Chokaa anatokea pembeni mwa kundi, na Eufrazia anaguna kama aliyepigwa tumboni. Farasi ana kitu cheupe usoni.

Hakina singa. Hakina shanga. Ni nguo nyeupe iliyochafuka, imefungwa mafundo. Na juu ya farasi Methusela yuko kifua wazi, mabega yamebabuka mpaka yanang'aa.

Eufrazia anakimbia. Anashika hatamu. Anaishika ile nguo na kuitambua: shati, mkono mmoja umefungwa chini ya taya, mkono mwingine nyuma ya masikio.

"Kinga iko wapi?"

"Imechanika." Methusela anashuka kwa shida na kufungua mfuko wa tandiko. Anatoa rundo la singa na chandarua lililojaa tope, miiba bado imeng'ang'ania. "Majimoto tuliingia vizuri, mama. Walisimama pembeni. Mzee mmoja akauliza farasi huyu ni wa ngoma ipi. Kurudi, ng'ombe wakakimbizwa na simba baada ya Kibaoni, tukaingia kwenye miiba. Ikachanika yote. Jua lilikuwa kali. Sikuwa na kitu kingine."

"Ukapita Sitalike hivyo? Na shati jeupe?"

"Nikapita."

"Walicheka?"

"Walicheka!" Enoka anajibu kwa niaba yake, kutoka nyuma ya ng'ombe. "Walitufuata mpaka mtoni! Wanauliza, bwana harusi, mbona bibi kakuvua nguo?"

"Ukawaambiaje, mtani?"

Methusela anajifuta uso kwa kiganja. "Nikawaambia huyu mahari nimeshamaliza, mniache nipite."

Hakuna anayecheka sana, kwa sababu Apolinari ameshafika. Anafungua mafundo mwenyewe, polepole. Anamgeuza Chokaa aelekee mwanga. Eufrazia hatazami jicho, anatazama kidole cha bwana mifugo kinavyopita kwenye ukingo wa kidonda, mara ya kwanza, mara ya pili. Kigaga kinabanduka, kinabaki kwenye ncha ya kidole. Chini yake kuna ngozi changa.

"Ule ugumu umelainika," anasema Apolinari. "Hapajaota kitu."

"Amepona?"

"Sijasema amepona. Nimesema hapajaota. Jua halijahama Mpanda, mama Natalia. Nitaangalia tena mwezi ujao."

Severini anatikisa kichwa, anarudi ofisini, na mlango wa ofisi unafungwa. Eufrazia anamwongoza Chokaa hadi nyuma ya tangi, ambako kivuli ndiyo kwanza kinaanza kunyooka. Mara hii anakaa chini. Haidumu. Anasimama, anachambua miiba kwenye singa, tayari anahesabu mikia.

Safari ijayo anataka kinga mbili, moja ya kuvaa na moja ya mfukoni. Anataka kumwomba Severini miche, apande miti mstari mzima kando ya ua, ili siku moja mtunza farasi mwingine asiwe na haja ya kuitwa Saa. Na anataka Chokaa azeeke akiwa na lile jicho, aone miti hiyo.

Methusela amemfuata hadi tangini, bado kifua wazi, ananyoosha mkono.

"Shati langu, mtani. Nikalifue."

Eufrazia analiinua juani. Ni jekundu la vumbi la Majimoto, jeusi la masizi, limekauka jasho la farasi. Analikunja na kulitia kwapani.

"Acha likae hivihivi kwanza, nilione," anasema. "Na usilidai. Shati limeshaolewa."